Chupa yako melini: begi gani, siku gani

Chupa nyingi zinazopotea kwenye safari za meli za kitalii hazipotei kwa sababu mwenyewe alitaka kuvunja kanuni. Zinapotea kwa sababu zimewekwa kwenye begi lisilofaa. Mvinyo ni halali, ukubwa ni halali, lakini umelazwa katikati ya nguo kwenye sanduku kubwa, sanduku likakabidhiwa mchukuzi gatini. Jioni masanduku ya wenzako yamepangwa milangoni, lako halipo. Liko chini kwa walinzi, na mswaki wako na nguo za chakula cha jioni vimo humo humo.

Kampuni nyingi kubwa zina kanuni moja inayofanana: mvinyo au shampeni, chupa isiyofunguliwa ya mililita 750, moja kwa kila mtu mzima, siku ya kwanza ya kupanda, kwenye begi la mkononi. Isome polepole, maana kila kipande kina watu kinaowakamata. Mvinyo au shampeni maana yake bia, wiski, vodka na ramu havimo, wala mvinyo wa boksi, wala kinywaji cha kutengeneza nyumbani. Isiyofunguliwa maana yake hata kizibo kilichorudishwa vizuri hakikubaliki. Mtu mzima, kwa safari zinazoanzia Marekani, ni mwenye miaka 21. Kijana wa miaka 19 uliyesafiri naye haongezi chupa. Safari nyingi zinazoanzia Ulaya au Australia huhesabu kuanzia 18. Na siku ya kwanza ni siku ya kwanza: mvinyo ulionunua bandari ya pili hauna nafasi hiyo.

Carnival na Royal Caribbean wanafuata kanuni hiyo karibu neno kwa neno. Princess nao huruhusu moja bure kwa kila mtu mzima, ya ziada unailipia. Norwegian hawahesabu chupa za mvinyo, ila kila moja inalipiwa pale pale unapopanda, dola 15 kwa ya mililita 750 na dola 30 kwa ya lita moja na nusu, hata kama utainywea chumbani. Disney wanaruhusu chupa mbili za mvinyo au bia sita zisizozidi mililita 355 kwa kila mtu wa miaka 21, na wanaruhusu tena katika kila bandari. Kwa mnywaji wa bia hakuna kampuni kubwa ya Marekani inayomfaa zaidi. Viking wanakuachia ulete chako bila kukutoza. P&O Cruises ya Uingereza wanahesabu kwa ujazo, lita moja kwa mtu, na pombe kali imo. MSC hawaruhusu chochote. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo zisome upya kwenye tovuti ya kampuni wiki moja kabla ya kuondoka, usitegemee ulichosoma siku ya kulipa.

Wengi husema ni uchu wa pesa za baa tu. Pesa zipo, hilo ni kweli, lakini si zenyewe peke yake. Mhudumu wa baa anaona umekunywa kiasi gani na anaweza kukukatalia glasi inayofuata. Chupa ya vodka iliyo chumbani haina mtu wa kuipima, na nje ya mlango wa kioo kuna roshani na bahari. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inataka reli ziwe na kimo cha sentimita 107 angalau. Kimo hicho kinamtosha mtu aliyesimama sawasawa. Anayeyumba au kupanda juu yake, hakimtoshi.

Sasa begi. Ukisafiri kwa ndege kwenda bandarini unakutana na kanuni mbili zinazopingana. Viwanja vingi vya ndege haviruhusu kioevu cha zaidi ya mililita 100 mkononi, kwa hiyo chupa lazima iingie sanduku kubwa. Bandari inataka kinyume chake. Hapa ndipo chupa nyingi zinapokwama: mtu anafika, anatoka uwanjani moja kwa moja hadi gatini, na anasahau kuhamisha. Weka kikumbusho kwenye simu, au funga utepe wenye rangi kwenye mpini wa sanduku lenye chupa, uwe ndio ishara kwamba sanduku hilo halitoki mkononi mwako kabla ya kufunguliwa. Ukiweza, ni rahisi zaidi kununua mvinyo katika mji wa bandari yenyewe.

Kwa upande wa ndege, chupa ya kawaida ikiwa imejaa ina kilo 1.2 hadi 1.3. Shampeni hufika 1.6 kwa sababu kioo chake ni kinene. Ndani yake kuna mgandamizo wa anga 5 hadi 6, kama mara mbili au tatu ya ule wa tairi la gari dogo. Ivishe soksi nene, uitie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, ulaze katikati ya sanduku ikiwa imezungukwa na nguo laini pande zote sita. Isiguse gurudumu, viatu wala chupa mwenzake. Vioo viwili vikigongana ndivyo vinavyopasuka, hata kama nguo ni nyingi kiasi gani.

Gatini, itoe mapema na kuionyesha ukiulizwa. Mashine ya eksirei inaona kioevu wazi kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kutopoteza pesa kwa vifuko vya plastiki vya kufichia pombe, au chupa za dawa ya kusukutua mdomo zilizotiwa vodka ya rangi. Mkaguzi amezoea umbo la kifuko kilicholala chini ya fulana. Kifuko chenyewe huvuja kwenye kifuniko kikibanwa, na vodka iliyokaa kwenye chupa ya dawa ya mdomo itakuwa na ladha ya dawa ya mdomo hata ukiisuuza mara kumi. Ujanja huo umewagharimu hata wasiokunywa: tangu Julai 2015 Carnival hawaruhusu maji wala soda za chupa kupandishwa, kwa sababu watu walikuwa wakijaza pombe kali humo na kufunga upya. Zinazoruhusiwa ni za kopo au boksi, hadi 12 za mililita 355 kwa mtu, tena mkononi.

Ukiwa na kizibuo, kiwe kile cha kusokota kisicho na kisu. Chenye kisu kinaweza kuzuiliwa mlangoni. Bora zaidi chagua chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Na kama umekosa vyote, mhudumu wa chumba au wa baa atakufungulia.

Ada ya kufungua chupa ndiyo inayowachanganya watu. Kwa Carnival na Royal Caribbean, ukinywea chumbani hulipi kitu. Ukiipeleka mgahawani au baa unalipa. Kwa Carnival ni dola 15 kwa chupa. Piga hesabu: mililita 750 ni glasi tano za mililita 150, kwa hiyo ada inaongeza dola 3 kwa kila glasi. Kwa mvinyo mzuri uliouchagua kwa ajili ya siku yenu maalumu, ada hiyo inastahili. Kwa chupa ya bei ya chini haistahili hata kidogo. Hiyo inywe chumbani, jua likizama. Mkishindwa kuimaliza mezani, mwambie mhudumu aihifadhi. Ataziba, ataandika namba ya chumba, na kesho itakuja mezani bila ada mpya.

Usitegemee friji ndogo ya chumbani kupoza mvinyo mweupe au shampeni kwa haraka. Nyingi hazina nguvu hiyo. Agiza ndoo ya barafu, tia maji ya baridi mpaka yafike nusu ya barafu, zamisha chupa hadi shingoni. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Barafu tupu bila maji hugusa kioo hapa na pale tu, ndiyo maana huchukua muda mrefu zaidi. Usiku, chupa isiachwe juu ya meza. Ilaze chini kabatini, kwani meli haitoi taarifa kabla ya kuyumba.

Pombe kali unayonunua njiani, iwe bandarini au kwenye duka la meli lisilotozwa ushuru, ni suala jingine. Kwenye kampuni nyingi unaikabidhi kwenye ngazi unaporudi, unapewa risiti, na unarudishiwa usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Tunza risiti hiyo. Tatizo linakuja usiku wenyewe: masanduku makubwa yanatakiwa kuwekwa nje ya mlango, na mara nyingine chupa zinaletwa baada ya hapo. Basi bakiza sanduku moja, ushuke nalo mwenyewe, utie chupa humo kabla ya kaunta ya ndege. Asiyefanya hivyo huishia kwenye ukaguzi wa uwanja akiwa na lita nzima ya ramu mkononi, na inabaki hapo.

Ndege nazo zina mipaka ya nguvu ya kinywaji. Kati ya asilimia 24 na 70 unaruhusiwa lita 5 kwenye mzigo. Zaidi ya 70 hairuhusiwi kabisa. Kiwanda cha ramu cha River Antoine kule Grenada hutengeneza ramu ya asilimia 75, na kwa sababu hiyo hiyo hutengeneza pia ya 69 kwa ajili ya wasafiri. Soma lebo kabla ya kulipa. Kisha kuna forodha: anayeingia Marekani ana lita moja bila ushuru kama ametimiza miaka 21. Anayeingia Umoja wa Ulaya ana lita moja ya pombe inayozidi asilimia 22, pamoja na lita 4 za mvinyo na 16 za bia. Uingereza ni wakarimu zaidi, lita 4 za pombe kali. Ukizidisha, tangaza mwenyewe: ushuru wa chupa moja ya ziada kwa kawaida ni mdogo, na chupa utaondoka nayo.