Sukari imetulia, kwa nini bado ninatembea?

Mwezi Machi mwaka jana nilitoka kliniki ya kisukari nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, kilisoma asilimia 6.4, chini ya ile 7 ambayo wengi wetu wenye kisukari cha aina ya pili huwekewa kuwa lengo. Nilikuwa nikimeza metformini na glibenklamidi bila kuruka dozi, nimepunguza ugali na kuachana kabisa na soda. Shemeji yangu, ambaye kila alfajiri tulikuwa tukitembea pamoja kutoka Chumbageni hadi Raskazone hapa Tanga, alipoiona ile karatasi alisema, "Sasa Mwalimu, si umeshapona? Unahangaika na umande wa nini?" Masika yalikuwa yamekaribia, na sababu ya kubaki kitandani ikitafutwa haikosekani, kwa hiyo nikakubaliana naye.

Nilikaa miezi minne bila mazoezi. Ningependa kuandika kwamba sukari ilipanda nikaaibika, lakini haikuwa hivyo: kipimo kilichofuata kilisoma 6.6, tofauti ambayo daktari hakuishughulikia sana. Kilichonishtua kilikuwa kiti. Muuguzi aliniomba nikunje mikono kifuani, kisha niinuke na kukaa tena mara tano mfululizo bila kushika kitu. Mara ya tatu magoti yalianza kutetemeka, na mara ya nne nikajikuta nimeushika ukingo wa meza yake. Presha nayo, ambayo mwezi Machi ilikuwa 128 kwa 80, ilikuwa imefika 146 kwa 90. Nina miaka 61, na sikutarajia kushindwa na kiti.

Tangu hapo nimejaribu kuelewa jinsi karatasi ya maabara inavyoweza kuwa nzuri huku mwili ukirudi nyuma. Metformini hufanya kazi hasa kwa kulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, na glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Zote mbili hushusha namba, lakini hakuna inayojenga msuli wala kuuzoesha moyo kazi. Msuli unaotembea, kwa upande wake, huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na baada ya kupumzika huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili hivi, kisha hali hiyo hufifia. Ndiyo sababu wataalamu hushauri zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Mimi niliruka mia na zaidi.

Nisitie chumvi, hata hivyo. Utafiti wa Look AHEAD wa Marekani, uliowahusisha watu 5,145 wenye kisukari cha aina ya pili na uzito uliozidi, ulisitishwa mwaka 2012 baada ya kuonekana kwamba mpango mkali wa lishe na mazoezi haukupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kuliko mafunzo ya kawaida waliyopewa wengine. Anayeahidi kwamba kutembea kutamkinga kila mtu na maradhi ya moyo anasema asichoweza kukithibitisha. Lakini waliofuata mpango huo walihitaji dawa chache kuliko wengine, na uwezo wao wa kutembea na kupanda ngazi ulidumu vizuri kuliko wa wenzao, na kwa umri wangu hilo si jambo dogo.

Nilirudi barabarani mwezi Agosti, tena kwa kosa la kijinga. Nilimeza glibenklamidi, nikaondoka bila kula, na kabla sijafika Bombo jasho baridi likanitoka, vidole vikatetemeka, hata salamu ya mpita njia nikashindwa kuijibu. Mama muuza chai aliyekuwa pembeni hakuniuliza maswali; alinikalisha kwenye benchi lake, akakoroga vijiko vitatu vya sukari katika kikombe na kusimama hapo hapo mpaka nikamaliza. Anayetumia insulini au dawa za jamii ya glibenklamidi ndiye hasa anayepaswa kuiogopa hali hii ya sukari kushuka mno. Siku hizi ninapima kabla ya kutoka, nikikuta chini ya milimoli 5 kwa lita ninakula kwanza, na mfukoni ninabeba glukosi. Nikirudi ninavua viatu na kukagua nyayo, kwa sababu mguu uliotiwa ganzi na kisukari hautoi taarifa ya lengelenge.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Ninatembea nusu saa kwa siku tano, na kwa misuli ninatumia madumu mawili ya maji ya lita tano, ambayo wajukuu huyacheka. Kile kiti ninakifanyia mazoezi jikoni wakati maji ya chai yakichemka.

Mwezi uliopita kipimo kilisoma 6.4, sawasawa na kile cha kwanza, isipokuwa safari hii daktari alikuwa ameshaipunguza glibenklamidi yangu kwa nusu. Shemeji naye amerudi, na bado analalamikia umande.