Mashine ya mlango wa mbele kwa chumba kidogo cha kufulia

Mashine ya kufua kilo 7 za nguo au 9? Wauzaji huanzia hapo. Mimi huanza na futi kamba. Upana wa nyingi ni sentimita 60 hivi, kwa hiyo kinachosumbua ni kina: acha nafasi ya mipira ya maji nyuma, kisha fungua mlango uone kama bado unaweza kuchuchumaa na beseni mbele yake.

Nimechukua yenye mizunguko 1,400 kwa dakika, maana sina pa kuanika na nguo zikitoka zimekamuka vizuri ni nafuu kubwa. Ule mpira wa mlangoni haujali umelipa bei gani: usipofuta mikunjo yake na kuacha mlango wazi, utanuka ukungu. Halafu kabla ya kuiwasha, toa zile bolti za kusafirishia, zinazoshikilia pipa la ndani lisicheze njiani, la sivyo itaruka chumba kizima.