Shangazi na Ndoto ya Cooper

Mwaka 2017, msimu wa tatu wa tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, Twin Peaks, ulipokaribia kutoka, nilimshawishi binamu yangu tuurudie mfululizo huo tangu mwanzo. Tulikuwa tukikaa Migosi, hapa Kisumu. Shangazi alifika kutoka Kakamega jioni ile tunaanza sehemu ya tatu, iliyoongozwa na David Lynch mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa mfululizo, na kurushwa mwaka 1990.

Binamu alichoka mapema. Dale Cooper, mpelelezi wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, anamtafuta aliyemuua Laura Palmer, na shajara ya marehemu imetaja herufi J tu. Basi anawapeleka polisi nje, anaweka chupa juu ya kisiki, na kila linaposomwa jina lenye J anarusha jiwe. Kwa Daktari Jacoby chupa inaguswa tu. Kwa Leo Johnson inapasuka. Mbinu yenyewe aliipata ndotoni!

"Huu ni upuuzi mtupu," binamu akasema.

Nilimkatalia, na leo ningemkatalia tena. Tazama nyuso za wale polisi: Hawk ameshika ndoo ya mawe, Lucy, karani wao, anaandika ubaoni, hakuna anayemcheka Cooper. Kwa sababu wao wameamini, nasi tunakuwa tayari kwa ndoto ya mwishoni, yenye mapazia mekundu na mtu mfupi anayezungumza kwa sauti iliyopinda. Waigizaji walitamka maneno kinyumenyume, kisha sauti ikageuzwa.

Hapo Shangazi akaacha kuchambua mrenda. Laura akamnong'oneza Cooper sikioni. Cooper akaamka, akampigia simu Sherifu Truman: anamjua muuaji, ila habari hiyo inaweza kungoja asubuhi.

"Ingoje nini?" Shangazi akauliza. "Mtoto wa watu ametoka kaburini kumpa jina, naye anarudi kulala?"

Sijasikia hoja nzito kuliko hiyo juu ya sehemu ile. Shangazi hakuwa na shida na ndoto. Alikotoka, marehemu akikujia na neno, wazee wanaamshwa usiku huohuo. Shida yake ilikuwa kwamba waandishi waliitukuza ndoto kisha wakaifanya chambo cha kutuvutia wiki ijayo. Nilikubaliana naye kabisa.

Akataka tuendelee, alisikie hilo jina. Sehemu iliyofuata ikafunguka, Cooper akaketi kwenye kifungua kinywa hotelini, akasema amelisahau. Shangazi akachukua leso yake akaenda kulala. Zilizobaki tulizitazama bila yeye.