Nilivyoziondoa Siri za Wateja Wangu Kwenye Simu

Mimi ni fundi cherehani mjini Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi hupitia kwenye simu. Mteja hunitumia picha ya mshono anaoutaka kwa WhatsApp, hulipa kianzio kwa simu, na nguo ikikamilika hunitumia ramani ya mahali alipo ili bodaboda amfikishie mlangoni. Sina nia ya kuyaacha hayo, kwa maana ndiyo yaliyoniletea wateja wa Dodoma na Dar es Salaam ambao wengine hatujawahi kuonana ana kwa ana.

Kilichonifanya nitafakari upya ni ujumbe wa vitisho niliotumiwa kuhusu deni la mama mmoja niliyemshonea sare za harusi. Sikuwa mdhamini wake wala sikujua kama amekopa. Namba yangu ilichukuliwa katika majina yaliyomo kwenye simu yake, kwa sababu programu iliyomkopesha ilikuwa imeomba ruhusa ya kuyasoma. Adha hii iliwapata watu wengi, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Nilimhurumia yule mama, lakini lililonikaa moyoni ni kwamba ruhusa aliitoa yeye, na aliyefikiwa ni mimi. Nami nina majina ya watu wengi zaidi yake, tena pamoja na vipimo vya vifua na nyonga zao, na picha walizojipiga wamejizungushia tepu kiunoni wakiwa na nguo nyepesi za ndani ya nyumba. Wamenipa vitu hivyo ili niwashonee, si kwa sababu nyingine yoyote.

Nilianza na mipangilio ya simu, upande wa ruhusa, nikaikagua programu moja baada ya nyingine. Programu ya kurembesha picha ilikuwa ikisoma majina. Tochi ilikuwa ikijua nilipo. Hizo nilizifuta bila kusita. Programu ya usafiri niliiruhusu kujua mahali nilipo wakati ninapoitumia tu. WhatsApp nimeiachia majina, kwa kuwa bila hayo nisingemjua anayeniandikia, na hapo nakiri kwamba nimechagua wepesi.

Picha zilinisumbua zaidi. Kila iliyotumwa ilikuwa ikijihifadhi yenyewe kwenye albamu ya simu, mahali ambapo programu nyingine huweza kuifikia na hata mtoto anayeazima simu anaiona. Nilizima hali hiyo, kisha nikawasha usimbaji wa nakala rudufu za mazungumzo, yaani kuzifunga kwa nywila ili mwingine asiweze kuzisoma, kwa sababu ujumbe hulindwa unaposafiri lakini nakala inayohifadhiwa nje ya simu hailindwi namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe. Nywila yake nimeiandika mahali salama, kwani ukiisahau hakuna wa kukurudishia.

Vipimo nimevirudisha kwenye daftari. Kila mteja ana namba yake, na namba hiyo peke yake ndiyo ninayoiandika kwenye simu. Usumbufu upo: nikiwa msibani au safarini, mteja akiuliza kama kitambaa chake kinatosha, inabidi asubiri nirudi kibandani. Wapo walionung'unika, nami nikawaeleza sababu. Wengi, hasa wanawake, walinielewa mara moja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumike kwa jambo jingine. Ndiyo maana muuza vitambaa aliponiomba namba za wateja wangu awatangazie bei zake, nilimkatalia, ingawa aliniahidi punguzo ambalo lingenifaa sana.

Waliobaki ni wanagenzi wangu, kwa sababu nao wana simu zao. Tumekubaliana kwamba picha ya mteja ipigwe kwa simu ya kazi peke yake, na ifutwe nguo ikichukuliwa. Mmoja wao aliuliza, "Sasa fundi, kazi yangu nitaionyeshaje mtandaoni?" Nguo tunaipiga picha ikiwa imevishwa sanamu, na mteja anayependa kuonekana mwenyewe husema hivyo kwanza, kabla simu haijainuliwa.