Barua za gesti ya Dunga zilivyokuwa zikirudi njiani

Kazi yangu hapa Kisumu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazobeba tovuti na kutuma barua pepe, za wafanyabiashara wadogo: gesti, kliniki, maduka ya vipuri, shule moja mbili. Hakuna tatizo linaloniletea simu nyingi kama barua pepe zinazotumwa na hazifiki. Tovuti ikianguka, kila mtu anaona. Barua zikigoma, tovuti inaendelea kufunguka vizuri, fomu inamwambia mgeni "umetumiwa uthibitisho", na mwenye biashara hana habari mpaka mteja aje juu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gesti moja upande wa Dunga. Mwenyewe alinipigia kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa. "Mwanangu, wageni wananiuliza kama nimekula pesa zao. M-Pesa imeingia, lakini barua ya chumba hawaioni."

"Pole sana, mama. Ni wageni wote ama ni baadhi?"

Akafikiria kidogo. "Yule wa kampuni ya ujenzi alipata. Hawa wa Gmail ndio wanalia, ingawa mmoja wao pia alipata."

Swali hilo nalitanguliza kila mara, maana jibu lake linakata nusu ya kazi. Kama hakuna hata mmoja anayepata, naanza na poti 25, mlango ambao seva hupitishia barua kwenda kwa nyingine. Watoa huduma wengi wa seva huifunga kwa wateja wapya ili kuzuia spamu, na ikiwa imefungwa huko nje, utahangaika bure ndani ya seva yako. Unaomba ifunguliwe, au unapitishia barua kwenye huduma nyingine ya kutuma kwa poti 587. Lakini wengine wakipata na wengine wakikosa, basi seva inatuma na kuna mahali inakataliwa. Anayekataa barua huwa anatoa sababu, na sababu hiyo inaandikwa kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu la seva.

Kwa hiyo sikugusa mpangilio wowote. Nimeona mafundi wakianza kwa kubadilisha nywila, kufuta programu-jalizi, kuwasha seva upya, mpaka mwisho hata tatizo likiisha hawajui ni dawa gani iliyotibu. Niliingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, nikaandika mailq, amri inayoonyesha foleni ya barua. Foleni ilikuwa karibu tupu, na hilo peke yake lilinieleza jambo. Barua ikikataliwa kwa namba inayoanza na 4, Postfix, programu inayotuma barua kwenye seva, huichukulia kuwa imekataliwa kwa muda tu, huiweka foleni na kuijaribu tena na tena, hadi siku 5 kama hujabadilisha kitu. Ikikataliwa kwa namba inayoanza na 5, safari imeisha: inarudishwa kwa mtumaji. Foleni tupu na wageni wanaolalamika maana yake ni kwamba barua zilikuwa zinarudishwa. Ila mama hakuwa amepokea hata moja.

Nilizikuta kwenye /var/mail/www-data. Hilo ni sanduku la mtumiaji anayeendesha tovuti ndani ya seva, na hakuna binadamu anayelifungua. Programu ya kuhifadhi vyumba ilikuwa ikituma kwa mail(), amri ya kutuma barua ya lugha ya PHP, ambayo usipoielekeza vingine huweka www-data kuwa mtumaji wa kwenye bahasha, yaani ile anwani ambayo seva huambiana na msomaji haioni. Mgeni akifungua barua anaona jina la gesti, lakini bahasha ina jina la seva. Barua ikikataliwa hurudi kwa aliyeandikwa kwenye bahasha.

Kisha nikafungua /var/log/mail.log na kutafuta anwani ya mgeni mmoja. Saa za logi zilikuwa za UTC, saa ya kimataifa, kwa hiyo niliongeza saa 3 kupata wakati wa Kenya. Mstari wenyewe ulikuwa mrefu, ila nilihitaji sehemu tatu tu: status=bounced, namba 550-5.7.1, na anwani ya seva ya Gmail ndani ya mabano ya mraba. Anwani hiyo haikuwa zile namba nne zenye nukta tulizozoea. Ilianza na 2a00:1450 ikaendelea kwa herufi, namba na nukta pacha. Yaani seva yetu ilikuwa inaongea na Gmail kwa IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti (zile za namba nne ni IPv4), na Gmail wakaeleza waziwazi kwamba barua haikutimiza masharti yao ya IPv6 kuhusu rekodi ya PTR, inayotaja jina la anwani, na uthibitisho wa mtumaji.

Hapo mambo yakaungana. Kabla sijapewa kazi hii, tovuti ilikuwa imehamishwa kutoka mashine yenye mfumo wa Ubuntu 20.04, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha Mei 2025, ikapelekwa kwenye mashine mpya yenye 24.04. Kuhama kulikuwa sahihi kabisa. Anwani mpya ya IPv4 iliwekwa kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti, na PTR yake ikawekwa pia. Lakini mashine mpya ilikuja na IPv6 ikiwa imewashwa, kitu ambacho ile ya zamani haikuwa nacho, na anwani hiyo haikuwa na PTR. Postfix ikikuta mpokeaji ana njia zote mbili, kwa kawaida huchagua yoyote. Ndiyo maana hata kati ya wageni wa Gmail kulikuwa na aliyebahatika, na yule wa kampuni ya ujenzi, ambao seva yao ya barua ina IPv4 pekee, hakuwahi kukosa.

PTR inasumbua watu kwa sababu wanaitafuta mahali pasipo pake. Rekodi ya kawaida ya DNS inachukua jina na kukupa anwani, na hiyo unaiweka kule ulikosajili domeni yako ya .co.ke. PTR inachukua anwani na kukupa jina, na anayeiweka ni mwenye anwani, yaani mtoa huduma wa seva. Ipo kwenye paneli ya seva, au unaomba kwa tiketi. Na majibu lazima yakubaliane pande zote mbili: jina lielekee kwenye anwani, na anwani irudi kwenye jina lile lile.

Jioni ile nilichotaka ni barua zianze kutoka. Niliweka inet_protocols = ipv4 kwenye main.cf, faili la mpangilio la Postfix, ili itumie IPv4 pekee, kisha nikaisimamisha Postfix na kuianzisha tena, kwa sababu mpangilio huo haushiki kwa reload, yaani kuusoma upya bila kuisimamisha. Barua ya majaribio ikafika Gmail papo hapo. Zile zilizorudishwa hazikuwa za kujituma zenyewe, kwa hiyo msichana wa mapokezi alichukua orodha ya malipo akawatumia wageni upya mmoja mmoja.

Kesho yake nikaondoa mail() na kuiunganisha programu na akaunti halisi ya gesti kwa SMTP, njia ya kawaida ya kutuma barua, yenye nywila. Hili watu hulipuuza, na lina uzito kuliko linavyoonekana: SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni, hukagua domeni iliyo kwenye bahasha, siyo ile anayoiona msomaji. Rekodi ya SPF ya gesti ilikuwa safi, lakini haikuwa ikiangaliwa. Nikaongeza DKIM, saini ya kidijitali ya barua, kwa OpenDKIM, na DMARC, agizo la nini kifanyike uthibitisho ukishindwa, ya kuanzia yenye p=none, yaani kutazama tu. Tangu Februari 2024 Gmail wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayewatumia barua zaidi ya 5,000 kwa siku awe nazo zote mbili pamoja na DMARC. Gesti haifiki huko hata kidogo, lakini mimi naziweka zote. Kazi ni ya muda mfupi na ni mwanzo wa kumlinda mwenye jina dhidi ya matapeli.

Nikiwa humo ndani niliangalia masasisho. Ubuntu huweka yenyewe yale ya usalama, lakini saa zake ni saa 12 asubuhi kwa saa ya seva, pamoja na kuchelewa hadi dakika 60. Seva ikiwa kwenye UTC, hiyo ni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi Kisumu, wakati wageni wanaondoka na wengine wanaweka nafasi. Niliisogeza hadi saa tisa usiku kwa systemctl edit apt-daily-upgrade.timer. Vilevile nilikuta kuna vifurushi vilivyorukwa: kama faili la mpangilio limehaririwa na toleo jipya linakuja na lake, unattended-upgrades, programu inayoweka masasisho hayo yenyewe, hukiacha kifurushi hicho kimsubiri mtu. Ukikiweka kwa mkono unaulizwa ubaki na faili gani. Nabaki na langu, kisha nalinganisha na jipya kwa utulivu.

Kabla ya hayo yote nachukua snapshoti, nakala ya seva nzima, halafu nafanya kazi ndani ya tmux. Jioni za mvua hapa stima hupotea na intaneti hufuatana nayo. Apt, programu ya kuweka vifurushi, ikikatikia katikati ya kazi unaweza kubaki na vifurushi vilivyowekwa nusu. Ndani ya tmux kazi inaendelea huko huko kwenye seva, nawe unarudi kuitazama stima ikirudi. Nikimaliza naangalia kama kuna faili /var/run/reboot-required, maana kerneli, kiini cha mfumo, ikiwa mpya haitumiki mpaka seva iwashwe upya, na Ubuntu haijiwashi yenyewe usipoiruhusu. Halafu natuma barua Gmail na kufungua chanzo chake kuona kama SPF, DKIM na DMARC zote zimepita.

IPv6 nayo sikuiacha imezimwa. Niliiwekea PTR, nikaongeza anwani yake kwenye SPF kwa ip6, nikaondoa ule mstari kwenye main.cf na kufuatilia logi mpaka nilipoona barua za Gmail zinapita kwa status=sent. Barua ikikataliwa sasa inarudi kwenye sanduku la mapokezi, na mama ameomba nakala ya kila uthibitisho ifike pia kwenye simu yake.