Kukatwa kwenye kiungo si sawa na kukatwa mfupa

Kazi yangu huku Uingereza ni kuwatafsiria wagonjwa wanaozungumza Kiswahili hospitalini, na neno ninalolichunga kuliko yote ni disatikulesheni. Maana yake ni kutenganisha sehemu ya mwili pale mifupa inapokutana. Daktari hukata ngozi, misuli na kano zinazoshika kiungo, sehemu ya chini ikatoka, bila kupitisha msumeno katikati ya mfupa. Wanaochimba makaburi ya kale nao hulitumia, kwa mifupa iliyoachana viungoni.

Wengi husema tu "mguu utakatwa." Ni kweli, ila haitoshi. Nimesikia pia "utateguliwa," na hapo mgonjwa anapotoshwa kabisa, kwa sababu aliyeteguka goti hutarajia lirudishwe mahali pake. Mimi husema: "Mguu utatenganishwa kwenye goti. Fupapaja litabaki, chini yake hapatabaki kitu." Sentensi ni ndefu, lakini mtu anajua anatia saini kitu gani.

Kwenye goti tofauti ni kubwa mno. Ncha ya fupapaja ni pana na imezoea kubeba uzito, hivyo mara nyingi mgonjwa huweza kukanyagia kigutu chenyewe ndani ya mguu bandia. Aliyekatwa katikati ya paja kwa kawaida hawezi. Uzito wake hubebwa zaidi na mfupa wa makalio. Kwa mtoto jambo hili lina uzito zaidi: karibu asilimia 70 ya urefu wa fupapaja hutokana na sehemu inayokua jirani na goti. Ikiachwa salama, paja huendelea kurefuka.

Kasoro ipo, na isemwe mapema. Goti bandia hukaa mbele zaidi ya lile zima mtu akiketi. Nimemwona mgonjwa akiyapima magoti yake kwa kiganja, akarudia tena na tena.

Kwenye kifundo cha mguu, njia inayojulikana ni ya daktari mpasuaji James Syme wa Edinburgh, aliyoieleza mwaka 1843, ambapo ngozi ya kisigino hufunika kigutu. Hapo ncha za mifupa hupunguzwa kidogo.

Ukimsindikiza ndugu, muulize daktari: mnapita kwenye kiungo au juu yake? Ukipiga simu nyumbani, wape jibu hilo kama lilivyo.