Demani

Juzi mwanangu alifunga mbuzi kwa kipande cha kamba ya makumbi. Mvua ikainyeshea usiku kucha, na asubuhi nilipoishika niifungue, ile harufu ikapanda: chumvi, tope la pwani, makumbi yaliyofukiwa mchangani miezi kadhaa, maji yakijaa na kupwa juu yake. Nikabaki nimeishika tu mpaka mtoto akaniuliza, "Baba, kamba hii ina jina?"

Nikamwambia kamba ya mbuzi haina jina. Za chomboni ndizo zenye majina.

Mnaomjua Mjomba mmeviona viganja vyake. Wengi mnadhani aliungua moto.

Tulikuwa tunavuka kutoka Pangani kwenda Mkokotoni, jahazi limesheheni machungwa. Ilikuwa safari yangu ya tatu. Kabla ya kung'oa nanga Mjomba alinikalisha chini ya mlingoti akanitajia kila kamba, nami nikaitikia kama mtoto wa chuoni. Henza ndiyo inayobeba foromali, ule mti unaoshika tanga, na tanga lake zima. Jarari hupita kwenye makapi, vile vigurudumu vya kamba, ili watu wachache waweze kutweka mzigo ule. Hamarawi huishika foromali kule omo, mbele ya chombo. Baraji huishika kwenye ncha ya juu, nazo ni mbili, kila ubavu moja. Na demani hushika pembe ya nyuma ya tanga: ukiivuta, tanga linakamata upepo, ukiiachia, linaumwaga. Nilizijua zote. Hilo nataka lieleweke.

Lakini demani si kamba peke yake. Upande wa chombo uliokingwa na upepo nao ni demani, kama ule wa pili ulivyo joshini. Tena msimu wenyewe, kusi inapochoka na bahari kutulia, huitwa demani. Ndio msimu tuliokuwa nao. Mchana ule tulikula wali upande wa demani, tukiisifu demani.

Kisha mvua ikatushukia ghafla na upepo wake. Chombo kikalala ubavu. Mjomba alikuwa tezi, nyuma ya chombo, ameshika usukani, akapiga kelele. Neno moja tu ndilo lililonifikia: "Demani!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikakimbilia demani, yaani ule upande, na pale ukingoni palikuwa na kamba mbili zimefungwa hatua moja kati yao. Moja imekazwa kama chuma, inalia, maji yanachuruzika kwenye nyuzi zake. Ya pili imelegea. Maji yalikuwa yameshapanda ukingo yananifika magotini, na machungwa yalianza kuelea, yananigonga miguuni, mengi, mekundu, yakizungukazunguka taratibu kama hayana haraka. Nikaigusa ile iliyokazwa. Fundo halikutikisika. Mkono wangu ukaiacha wenyewe ukaenda kwenye ile iliyolegea, nayo ikafunguka upesi, nikaitupa, nikageuka kumtazama Mjomba kama mtu aliyemaliza kazi.

Ilikuwa baraji ya upande ule. Haikuwa imeshika chochote.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mjomba aliuachia usukani kwa baharia mwingine, akanisukuma kando, akalipasua lile fundo. Demani ikatoka kwa nguvu na mikono yake ikiwa bado juu yake. Tanga likapiga makofi, jahazi likainuka, tukachota maji mpaka magharibi. Kamba ya makumbi ni chapa ikipita mkononi. Ngozi ilibaki kwenye kamba.

Mkokotoni waliomuuliza aliwaambia imemponyoka. Mimi aliniambia, "Mjomba, lete chungwa, unimenyee." Nikammenyea, nikawa namlisha kipande kimoja kimoja kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa. Hakulitaja neno lile, wala sikulitaja mimi.

Nimejiuliza miaka yote kama sikio langu lilichagua maana iliyokuwa nyepesi, au kama nililisikia sawasawa na mkono ndio ulioogopa. Siku nyingine naona ni lile, siku nyingine hili.

Mwanangu ameipa jina kamba ya mbuzi. Ameiita Demani, kwa sababu asubuhi ile alinisikia nikilitamka neno hilo peke yangu. Jioni hunipigia kelele kutoka uani, "Baba, niletee Demani!" nami naipeleka. Mjomba anakuja Ijumaa, na sijaamua kama nimkataze mtoto kuliita jina hilo mbele yake.